Tengenezeni Kungali na Joto

Neno la Majilio. Somo: Mathayo 25:1–13



Mhariri wa jarida letu ametuomba tuandike neno la Majilio, nasi tumekubali kwa furaha na kwa hofu kidogo. Somo la wanawali kumi wasomaji wetu wanalijua vizuri. Wote kumi walikuwa na taa, wote kumi walimngojea bwana arusi, na wote kumi walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta ya akiba tu. Tumelisikia likihubiriwa tangu utoto wetu, na sisi wenyewe tumelisoma mbele ya wanachuo mara nyingi katika miaka yetu ya kufundisha chuo cha ualimu. Lakini lilikuwamo jambo moja lililotusumbua, nasi tulilificha kama mwalimu anavyolificha swali asiloweza kulijibu. Kwa nini wale watano wenye busara waliwanyima wenzao mafuta? Je, hao ndio wacha Mungu? Sisi tumefundishwa kugawana hata kidogo tulicho nacho.

Jibu tulilipata mbali na nyumbani, chini ya boneti ya gari. Tunaomba mtuvumilie tukiwasimulia habari ya gari na theluji kwa urefu kidogo, maana bila kuyajua hayo fundisho lake halitaeleweka.

Jumamosi moja ya Oktoba

Mwanzoni mwa Oktoba 2022 tulisafiri sisi na mama watoto kwenda Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba huko Kanada, kumsaidia binti yetu aliyekuwa amejifungua. Tulikaa huko hadi mwisho wa Machi 2023. Winnipeg uko katika nchi tambarare isiyo na mlima wa kuzuia upepo. Mwezi wa Januari usiku wa digrii 30 chini ya sifuri si jambo la kushangaza, na mito miwili inayokutana katikati ya mji, Red na Assiniboine, huganda hata watu wakatembea juu yake.

Lakini tulipofika jua lilikuwa likiwaka. Jumamosi moja tulimkuta mkwe wetu mbele ya nyumba, amevaa nguo kuukuu, ametandaza spana zake chini, na gari limeinuliwa kwa jeki. Tukamwuliza, "Mwanangu, gari limeharibika?"

Akajibu, "Hapana Baba, ni zima. Ninalitengenezea Januari."

Tulicheka. Hapa kwetu Dodoma gari tumelimiliki miaka mingi, na tunakiri kwamba boneti tuliifungua pale tu moshi ulipotoka. Kazi yote tulimwachia fundi wa mtaani. Kule fundi hulipwa kwa saa, na saa yake ni ghali. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida hujifunza kufanya mwenyewe yale anayoyaweza. Tukavuta kiti, tukamtazama, na pole pole mwalimu akawa mwanafunzi.

Kwanza aliipima betri, kisha akasafisha vichwa vyake viwili kwa mswaki mkuukuu, maji ya moto na bikaboneti ya soda, akapaka grisi. Alitueleza kwamba baridi kali huinyang'anya betri zaidi ya nusu ya nguvu zake, na wakati huo huo injini iliyoganda hudai nguvu nyingi zaidi ili kuzunguka. Tena betri iliyojaa umeme haigandi hata kwa digrii 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha umeme huganda kama maji ya kawaida kwa digrii chache tu, na huweza kupasuka.

Pili alipima maji ya rejeta. Maji matupu yakiganda hutanuka na kuipasua injini ya chuma, kwa hiyo huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Nusu kwa nusu, mchanganyiko huo hustahimili karibu digrii 37 chini ya sifuri. Tulifikiri basi dawa tupu itakuwa bora zaidi. La! Dawa tupu huganda kwenye digrii 13 hivi chini ya sifuri. Nguvu yake imo katika kuchanganyika.

Tatu alibadili oili, akatia ile nyepesi inayotiririka hata kwenye baridi. Juu ya kopo palikuwa na nambari na herufi W, ambayo ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi.

Nne aliyavua matairi yote manne akaweka ya majira ya baridi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu hewa ishukapo chini ya digrii 7, ukateleza kama kiatu cha plastiki kwenye tope. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini ukashika njia. Nati hakuzikaza kwa kuzunguka, bali kwa kuvuka, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, ili gurudumu likae sawa. Baada ya kutembea kilomita mia moja hivi alizikaza tena. Upepo pia hupimwa mara kwa mara, maana hewa husinyaa kwa baridi: kwa kila digrii 5 au 6 zinazoshuka, tairi hupungukiwa karibu paundi moja.

Mwisho alikagua waya wenye plagi uliotokeza mbele ya gari. Tulidhani ni ajabu, kumbe magari mengi ya kule yanao. Usiku gari huchomekwa kwenye umeme kama pasi, na kifaa kidogo ndani ya injini huipasha moto. Mmoja wa waliobuni vifaa vya namna hiyo ni Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks, North Dakota, kusini ya mpaka, katika miaka ya 1940.

Alipomaliza alipanga sanduku nyuma ya gari: mablanketi, koleo, mfuko wa mchanga, tochi, mishumaa, kopo tupu, viberiti, biskuti, na nyaya nene za kuazimiana umeme. Tukamwuliza kama haoni amezidisha. Ndipo alipotueleza habari za mwaka wake wa kwanza kule.

Mwaka ule aliona jua akadhani jua litaendelea. Betri ilikuwa imeanza kuchoka, naye akasema ataishughulikia. Asubuhi moja ya Januari gari halikuwaka. Jirani yake, mtu mwema, alikuja mbio na nyaya ili amwazime umeme kutoka gari lake, kama wanavyofanya wote kule bila kuulizana kabila wala dini. Lakini jirani alipoitazama betri akarudisha nyaya zake. Betri ilikuwa imeganda. Betri iliyoganda haiazimwi umeme. Ukijaribu yaweza kulipuka usoni pako. Basi ikambidi mkwe wetu aibadilishe pale pale nje. Kazi hiyo wakati wa joto ni ya dakika kumi na tano. Yeye ilimchukua zaidi ya saa mbili. Glavu zilikuwa nene mno kushika nati, na alipozivua, ngozi ya vidole ilinasa kwenye chuma ikabanduka. Alituonyesha kovu.

"Baba," alisema, "kazi ni ile ile moja. Ila ukiifanya kwenye baridi unailipia kwa ngozi."

Njia ya Brandon

Jumamosi moja ya Januari 2023 zilifika habari kwamba familia moja ya Watanzania huko Brandon imefiwa na mama yao. Brandon uko magharibi ya Winnipeg, zaidi ya kilomita 200. Kwa desturi yetu msiba hausubiri. Sisi tulikwisha vaa, tumeketi garini, lakini mkwe wetu alikuwa akizunguka gari na brashi. Alifuta theluji kwenye vioo vyote, kwenye taa, hata juu ya paa. Akapima upepo wa matairi. Akapita kujaza tangi ingawa lilikuwa limezidi nusu. Tulimkaripia, tunaona haya kusema, kwa sauti ya darasani: "Kijana, watu wanalia huko, wewe unapanguza taa?" Hakujibu. Alimaliza, akawasha, tukaondoka saa nane mchana.

Njiani tulimwona akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Hakukanyaga breki kwa ghafula wala kukata usukani kwa nguvu. Kati yake na gari la mbele aliacha nafasi kubwa mara kadhaa kuliko tuliyoizoea. Kila tulipokaribia daraja alipunguza mwendo mapema. Tukauliza sababu. Alisema daraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa upepo wa baridi hulipiga juu na chini, na barafu yake huwa nyembamba hata huioni. Lami huonekana nyeusi kama kawaida, kumbe ni kioo. Akasema tena kwamba gari likianza kuteleza, usikanyage breki kwa hofu. Ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kule unakotaka kwenda, na geuza usukani huko taratibu.

Tulipopita Portage la Prairie upepo ukavuma. Theluji haikuwa ikianguka kutoka juu. Ilipeperushwa kutoka mashambani, ikavuka barabara kama moshi. Mara mbele yetu pakawa peupe, juu peupe, chini peupe. Ghafula zikaonekana taa nyekundu za lori lililosimama. Mkwe wetu aliligeuza gari pole pole hadi ukingoni, likazama katika theluji hadi milangoni, likatulia. Hakuna aliyeumia.

Tulitaka kushuka tutafute nyumba. Akatushika mkono: "Baba, hapa atokaye nje hupotea. Tukae garini." Aliomba msaada kwa simu, akaambiwa barabara imefungwa na tusubiri. Tukasubiri tangu saa kumi hadi saa mbili usiku. Kila saa aliwasha injini kwa dakika kumi tu. Lakini kila mara kabla ya kuiwasha alitoka na koleo, ameshika mlango, akaiondoa theluji kwenye bomba la moshi, akafungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo. Bomba likizibwa moshi wa injini huingia ndani, na ndani ya moshi huo mna sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomwua mtu akiwa usingizini. Kati ya saa na saa tulikaa chini ya mablanketi, mshumaa ukiwaka ndani ya kopo, mama watoto akituongoza kuomba.

Hakuna kitu katika lile sanduku tulichokicheka Oktoba ambacho hatukukitumia usiku ule, isipokuwa nyaya.

Katika giza lile tuliwaza habari za kifo, na tulipowaza habari za kifo, uso uliotujia ulikuwa wa kaka yetu mkubwa.

Betri yetu

Tangu mwaka 2016 sisi na kaka yetu hatukusalimiana. Sababu ilikuwa mpaka wa shamba la mizabibu aliloacha marehemu baba. Mistari minne ya mizabibu, ndugu zangu, si zaidi. Tulikuwa tukienda kanisa moja, yeye upande huu, sisi upande ule, na wote wawili tukaikaribia meza ya Bwana. Padre alijua. Wazee wa kanisa walijua. Kila mwaka tulisema tutalimaliza baada ya mavuno. Gari lilikuwa likitembea, jua lilikuwa likiwaka, nasi tulidhani litaendelea.

Usiku ule garini tulimwahidi Mungu kwamba kukipambazuka tutampigia kaka simu. Lilikuja greda la kuondoa theluji pamoja na polisi, tukavutwa, tukalala Portage la Prairie. Asubuhi tulikunywa chai ya moto. Vidole vilipopata joto, ahadi nayo ikalegea. Tukajiambia kwamba maneno kama haya hayafai kwa simu. Tutaongea uso kwa uso tukirudi. Ilionekana kuwa ni heshima. Ilikuwa ni woga.

Mwezi wa Februari kaka yetu alipatwa na kiharusi. Alipona, lakini ulimi wake haukupona. Tuliporudi mwisho wa Machi tulikwenda kwake siku ya pili, kabla hata ya kufungua masanduku. Tulipiga magoti kando ya kitanda, tukasema yote. Alitusikia, machozi yakamtoka, akaushika mkono wetu akaukaza. Tunaamini alitusamehe. Lakini lilikuwako neno alilotaka kulisema. Alijaribu mara nyingi, midomo ikatetemeka, sauti isitoke. Neno lile hatukulipata. Kaka alilala mauti mwezi wa Agosti 2023, nasi mpaka leo hatulijui.

Ndugu, tulitengeneza. Tunamshukuru Mungu kwamba tulitengeneza. Lakini tulitengeneza kwenye baridi, na tuliilipia.

Fundisho

Sasa turudi kwa wanawali. Wale watano wenye busara hawakuwa wachoyo. Walikuwa kama yule jirani mwema aliyekuja na nyaya zake akaziondoa tena. Kanisa ni watu wenye nyaya: tunaombeana, tunafarijiana, tunabebana katika msiba na katika njaa, na aliyepungukiwa huwashwa kwa umeme wa mwenzake. Hivyo ndivyo ipasavyo, wala mtu asiseme tumehubiri uchoyo. Lakini yako mambo ambayo mtu hawezi kuazimwa usiku wa manane. Toba haiazimwi. Ombi lako la msamaha kwa ndugu yako, padre hawezi kukusemea, wala mke wako, wala Umoja wa Akina Mama. Hiyo ni kazi ya mikono yako mwenyewe.

Tena tazameni vile vichwa vya betri. Betri yaweza kuwa imejaa, na gari lisiwake, kwa sababu tu ya uchafu mweupe kati ya kichwa na waya. Wako wakristo wa namna hiyo, na sisi tulikuwa mmoja wao. Sala tunazo, Maandiko tunayo, zaka tunatoa. Lakini umeme haupiti, kwa kuwa pana uchafu mdogo mahali pamoja. Bwana wetu alituagiza katika Mathayo 5 kwamba tukikumbuka madhabahuni neno lililo kati yetu na ndugu, tuiache sadaka, tukapatane naye kwanza. Hakusema tungoje mavuno. Uchafu ule hutoka kwa mswaki na maji ya moto. Hauhitaji fundi wala fedha, unahitaji mtu ainame.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanachuo wetu tuliwafukuza darasani wakija bila andalio la somo. Tulikuwa hodari wa kudai maandalio kwa wengine, huku sisi wenyewe hatukuwa nayo. Kwa hiyo tunayoyaandika hapa hatuyaandiki kama mwalimu aliye mbele ya ubao, bali kama mwanafunzi aliyefeli jibu moja, anayewaonya wenzake kabla karatasi hazijakusanywa.

Basi, wapendwa, katika majuma haya manne tunawaomba mambo mawili. La kwanza ni dogo. Wengi mtasafiri Krismasi, na njia zetu zitakuwa na mvua. Fungueni boneti wenyewe. Tazameni maji, oili, betri, breki na upepo wa matairi, la tairi la akiba pia. Futeni taa. Mtu akiwakaripia kwamba mnachelewa, mvumilieni, kama mkwe wetu alivyotuvumilia.

La pili ni kubwa. Kila mmoja anao uso mmoja ambao ungemjia akiwa katika giza lile. Unamjua ni nani. Huenda mnaabudu benchi mbili tu kutoka alipo yeye. Usiseme baada ya mavuno, usiseme baada ya sikukuu, wala usijifariji kwamba neno hilo halifai kwa simu. Ukiweza kwenda, nenda juma hili. Usipoweza, piga simu leo. Leo kazi hiyo ni ya dakika kumi na tano, na ulimi wake bado unaweza kukujibu.

Na tuombe: Ee Bwana, utujie sisi tuliosinzia. Utuonyeshe palipo na uchafu, utupe unyenyekevu wa kuinama na kuusafisha kungali na joto. Uwapumzishe wale tuliochelewa kuzungumza nao, na neno ambalo hatukulipata hapa utulinde nalo hadi tutakapolisikia mbele zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi mwalimu wenu mstaafu.